Nyumba ya kupanga Goma, garaji na fosi: nichimbe au nisichimbe?

SWALI: Injinia, habari za kazi. Mwezi ujao nahamia Goma kutoka Bukavu. Nina magari mawili: RAV4 ya 1997 ya kutembelea, na Land Cruiser ya 1992 ninayoifufua mwenyewe jioni na siku ya Jumapili. Mama watoto anaiita mke mwenza. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, amenipatia nyumba mtaa wa Kyeshero. Anasema garaji ni pana, na mwenye nyumba anakubali nichimbe fosi ya kuingia chini ya gari. Anadai garanti, yaani amana, ya kodi ya miezi 6. Nikubali?

JIBU: Ndugu yangu, karibu Goma. Naanza na fosi, maana hayo mengine tunaweza kuyajadili taratibu. Usichimbe.

Bukavu mmezoea udongo mwekundu. Mtu anachimba siku mbili, anajenga kingo, hofu yake ni mteremko tu. Huku utachimba lava, mwamba uliotoka kwenye volkeno. Jiwe lenyewe litakula pesa, kwa sababu kila sentimita inatoka kwa nyundo na mtarimbo. Lakini hata ungekuwa na pesa za kuchezea, bado kuna mazuku.

Mazuku ni kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa za lava. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa tunayovuta, kwa hiyo haipeperuki: inatulia mabondeni kama maji kwenye beseni. Haina rangi wala harufu. Huwa nyingi zaidi usiku na alfajiri, wakati upepo umelala. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Lac Vert, Bulengo hadi Sake, ndiko inakojulikana sana, na nyumba yako ya Kyeshero iko upande huohuo. Sasa jiulize fosi ni nini. Ni bonde ulilojichimbia mwenyewe, kisha ukalifunika kwa gari.

Niliwahi kuitwa kwenye parseli (kiwanja) moja upande huo kukagua ufa wa ukuta. Garajini nikakuta fosi ya kupendeza kweli: ngazi ya chuma, taa, mpaka rafu za spana. Chini walikuwa wamelala panya watatu na mjusi, wamekufa bila jeraha. Mwenye parseli alikuwa ameshamtuhumu jirani kwamba anatega sumu.

Utasikia ushauri wa kushusha mshumaa kwanza. Mshumaa ukizimika, kweli usishuke. Ila mshumaa unaowaka haukupi ruhusa: mwali huweza kuendelea kuwaka mahali ambapo kichwa chako tayari kinazunguka. Tena utakuwa umeshusha moto ndani ya shimo la fundi wa magari, na mvuke wa petroli nao ni mzito, huzama palepale. Gesi hupimwa kwa vyombo, na mjini kwetu wanaoifuatilia ni watu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkeno.

Badala ya kushuka wewe, pandisha gari. Jenga njia mbili za mawe na simenti juu ya ardhi, kila moja upana wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 60, zikiwa na mteremko wa mita 3 wa kupandia na kizuizi cha magurudumu mbele. Ukiongeza sehemu ya gari kusimama, zote pamoja zinafika kama mita 7 na nusu. Mawe ni hayahaya ya lava, yamejaa kila mahali. Kimo hicho kinakutosha ukilala chali kwenye ubao wa magurudumu, na hewa inapita pande zote. Land Cruiser yako inapita tani 2, kwa hiyo usimruhusu mtu akujengee kwa tope na kusakafia juu juu. Kiini kiwe cha mawe yaliyoshikana kwa simenti hadi chini.

Ndiyo maana siku ya kutazama nyumba, garaji nisingeipa uzito sana. Gari lenyewe lina kimo cha karibu mita 1.9. Likikaa juu ya njia zako linafika mita 2.5, na bado hujafungua boneti. Garaji nyingi za nyumba za kupanga zina dari ya chini kuliko unavyohitaji, na ukiwasha injini ndani huku mlango umefungwa, moshi wake peke yake unatosha kuua. Kwa kazi yako hanga inafaa zaidi: nguzo nne, paa la mita 3 na nusu, pande wazi, sakafu ya betoni. Garaji ya kufunga ibaki ya spana, vipuri, na RAV4 usiku.

Komisioneri akisema garaji ni pana, anamaanisha kuna gari liliwahi kuingia. Nenda na futi. Gari moja la kufanyia kazi linataka mita 3 na nusu kwa 6, la sivyo utafungua mlango nusu na kujipenyeza kama mwizi. Lango la parseli liwe mita 3, na uangalie avenyu ya mbele: Land Cruiser inataka kama mita 12 kugeuka, na vichochoro vingi vya Goma havina nafasi hiyo. Tazama pia kama sakafu ya garaji iko chini ya barabara. Mitaa iliyopitiwa na lava ya Januari 2002, kama Birere na katikati ya mji, barabara ilipanda na baadhi ya nyumba zikabaki shimoni. Garaji ya namna hiyo inapokea maji ya mvua na, penye gesi, inapokea gesi.

Kutu nayo. Moshi wa Nyiragongo, volkeno yetu, una salfa, na mvua ikipita ndani yake inafika chini na asidi. Tazama mabati ya jirani uone yanavyoliwa. Chesisi uliyoikwangua ipake rangi ya kuzuia kutu jioni ileile, na usilifunike gari kwa shitingi ya plastiki, maana unyevu unajifungia ndani.

Umeme: uliza nyumba imeunganishwa na kampuni ipi, Virunga, SNEL au SOCODEE, na mita inaruhusu ampea ngapi. Ampea 10 ni kama wati 2,200. Kompresa ndogo itaanza kwa kugugumia, na mashine ya kuchomelea usiitaje. Oili chafu ikusanye kwenye bido (dumu). Lava ni kama chujio, ukimwaga uani inazama kuelekea majini.

Garanti ya miezi 6 ni zaidi ya sheria. Sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka kikomo cha miezi 3 kwa nyumba ya kuishi. Wenye nyumba wengi wanaijua na kujifanya hawaijui, nawe utapunguziwa ukisema kwa upole huku dola ziko mfukoni. Kwenye mkataba iandikwe kwamba unaruhusiwa kutengeneza magari yako mwenyewe, saa ngapi, na kwamba hanga na njia za mawe ni mali ya nani siku ukihama. Maneno ya mdomo husahaulika mara jirani wa kwanza anapolalamikia kelele.

Kwa hiyo nyumba ile ya Kyeshero usiikatae bado. Mpigie komisioneri umuulize ubavuni mwa nyumba, kuanzia lango hadi ukuta wa nyuma, pana mita ngapi. Zikifika 10 kwa 4, njoo uitazame.