Mhindi si lazima awe Mhindu

Tangu nilipoandika habari za Diwali, wasomaji wameniletea maswali mengi kuhusu dini yangu. Mimi ni Mhindu, mzaliwa wa Mombasa, na maswali haya nimeishi nayo. Nayajibu machache leo.

Swali (Tanga): Shikamoo mama. Jirani zetu ni Wahindi, lakini Ijumaa nawaona wanakwenda msikitini. Ni Wahindu wa aina gani hao?

Marahaba mwanangu. Hao si Wahindu. Mhindi ni mtu wa asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mfuasi wa dini. Jirani zako pengine ni Mabohora au Maithnaasheri, Waislamu kabisa. Magoa wengi ni Wakatoliki, Masingasinga wanafuata mafundisho ya Guru Nanak, na Wajaini nao wana dini yao. Wazee wa pwani walitutenga kwa neno Baniani, ambalo asili yake ni Kigujarati na lilimaanisha watu wa jamii ya wafanyabiashara. Yaani tulijulikana kwa mizani kabla ya kujulikana kwa sala. Wenzangu wengine hawalipendi kwa sababu ya ile methali ya kiatu. Mimi halinichomi.

Swali (Zanzibar): Sitaki kukuudhi bibi, ila niambie kweli: mnaabudu masanamu au hamuabudu?

Hujaniudhi. Nimeulizwa hivi tangu nikiwa darasa la pili.

Sanamu yetu huitwa murti. Inapotoka kwa fundi ni jiwe tu, au udongo tu. Kabla haijaanza kuabudiwa hekaluni hufanyiwa ibada iitwayo prana pratishtha, yaani kutiwa uhai, na Mungu hukaribishwa akae humo. Baada ya hapo hutunzwa kama mgeni mtukufu: asubuhi huamshwa, huogeshwa, huvishwa, huandaliwa chakula, na usiku pazia hufungwa apumzike. Kwa hiyo Wahindu wenzangu wanaojibu haraka kwamba murti ni ukumbusho tu, kama picha ya marehemu ukutani, wanaipunguza imani yao wenyewe. Kwa anayeamini, Mungu yumo.

Yumo, lakini hakufungiwa humo. Tazama sikukuu ya Ganesha, yule mwenye kichwa cha tembo. Watu wa Mumbai humfinyanga kwa udongo, humwabudu hata siku 10, kisha humbeba kwa ngoma na nyimbo hadi ufukweni na kumtosa baharini ayeyuke. Aliyealikwa amekwenda zake, na kilichobaki ni udongo. Ingekuwa udongo ule ndio Mungu mwenyewe, nani angethubutu kuutosa?

Najua kwako hilo halitoshi. Katika Uislamu, kumkaribisha Mungu ndani ya umbo lolote ni shirki, na sitajaribu kukushawishi kwamba tunasema jambo moja. Hatusemi. Ila ubishi huo umo hata nyumbani kwetu. Arya Samaj, jumuiya iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mjini Bombay mwaka 1875, inakataa murti kabisa. Wafuasi wake, ambao wako hata Nairobi, huketi kuuzunguka moto na kusoma Veda, maandiko yetu matakatifu ya kale.

Swali (Moshi): Brahma, Vishnu na Shiva ndio Utatu wenu Mtakatifu?

Hapana, ingawa kulinganisha huko kumezoeleka. Mkristo humwabudu Mungu mmoja katika nafsi tatu. Kwetu ni nadra kumkuta mtu anayewaabudu hao watatu kwa pamoja. Brahma ana mahekalu machache mno, na linalojulikana zaidi liko Pushkar, Rajasthan. Mhindu wa kawaida humwelekea Vishnu, au Shiva, au Mungu Mama, na huyo ndiye Mungu wake aliye juu ya yote. Rigveda inasema kilichopo ni kimoja, wenye hekima hukitaja kwa majina mengi.

Mahali penye mazungumzo ya kweli baina yetu ni Krishna. Nyumbani kwetu tunaamini Krishna ni Vishnu aliyeshuka duniani, na kwamba hushuka tena na tena kila uovu unapozidi. Mkristo anasema Neno alifanyika mwili mara moja tu, na mara hiyo moja inatosha. Muislamu anasema Mwenyezi Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa.

Swali (Kisumu): Mama, mnawezaje kumtia moto mzazi wenu? Roho haiwaumi?

Inauma. Siku tulipomchoma baba, kaka yangu mkubwa ndiye aliyewasha, kwa sababu ndiyo zamu ya mtoto wa kiume, na mkono ulimtetemeka mpaka mjomba akaushika. Siku hizi mabinti nao huwasha, nami ninafurahi.

Kinachotushikilia ni fundisho la Gita, kitabu chetu kitakatifu: kama mtu avuavyo nguo kuukuu na kuvaa mpya, ndivyo roho inavyoacha mwili uliochakaa. Mkristo na Muislamu huulaza mwili wakingoja ufufuo. Sisi hatuungoji urudi, tunaurudisha ulikotoka. Majivu hupelekwa mto Ganga kwa wanaoweza, na sisi wa pwani tuna bahari mlangoni. Watoto wachanga na watawa kwa desturi huzikwa. Siku ya 13 matanga huisha, kama majirani zetu wanavyosoma arobaini.

Wala moto si wetu peke yetu. Kanisa Katoliki liliruhusu waumini wake wachomwe mwaka 1963. Wangari Maathai, ambaye hakuwa Mhindu, alichomwa Kariokor, Nairobi, mwaka 2011, jeneza lake likiwa la mianzi na magugumaji, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Swali (Dodoma): Kama karma ndiyo inayoamua mtu azaliwe wapi, si ndiyo silaha ya kuwakandamiza watu wa tabaka la chini?

Imetumiwa hivyo, na ni aibu yetu. Karma maana yake ni tendo: unachopanda utavuna, katika maisha haya au yajayo. Mtume Paulo naye aliandika habari za kupanda na kuvuna. Lakini kwetu wenye nguvu waliligeuza fundisho hilo wakamwambia mnyonge kwamba unyonge wake ni haki yake. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa walioitwa wasioguswa, aliongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, na katiba hiyo iliyoanza kutumika mwaka 1950 ikafuta utengano huo. Hata hivyo, tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliuacha Uhindu akaingia Ubudha pamoja na maelfu kwa maelfu ya wafuasi. Sheria ilikuwa imebadilika, kisima cha kijijini hakikubadilika. Mhindu akiniambia tabaka si dini yetu, humuuliza kwa nini basi bado tunaulizana majina ya ukoo kabla ya posa.

Swali (Nakuru): Wahindu wote hawali nyama?

Wengi wanakula. Bengali samaki ni chakula cha kila siku. Ninyi mnaona tusiokula kwa sababu wengi wetu hapa asili yetu ni Gujarat na Kutch, ambako kuacha nyama kuna mizizi mirefu. Ng'ombe ni jambo jingine. Huyo karibu wote twamheshimu kama mama anyonyeshaye.

Swali (Bukoba): Mwafrika anaweza kuwa Mhindu, au ni lazima azaliwe?

Anaweza. Hatuna shahada wala ubatizo unaowafunga wote, na wazee wengine watakwambia Mhindu ni wa kuzaliwa tu, lakini yaliyotendeka yanawakanusha. Swami Ghanananda Saraswati alikuwa Mghana, akawa mtawa wa Kihindu na kuanzisha monasteri Accra mwaka 1975. Ukitaka kuona kwanza, nenda hekaluni jioni wakati wa aarti, taa zinapozungushwa mbele ya murti. Vua viatu mlangoni, keti nyuma, na wakikupa kitu kitamu mkononi kipokee kwa mkono wa kulia.