Miguu inazama nikilala chali: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, ni mwembamba na nanyanyua vyuma. Nikijaribu kuelea chali pale Shangani, Mtwara, miguu inashuka, nakaza mwili, nameza maji. Rafiki yangu mwenye kitambi anaelea kama kifuu. Je, kuna watu wasioweza kuelea?

JIBU: Marahaba. Wapo wanaoelea kwa tabu, nawe ni mmojawao, lakini baharini wachache sana huzama kifua kikiwa kimejaa hewa. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi. Lita ya mafuta ya mwili ni kama kilo 0.9, ya misuli 1.06. Kitambi kinambeba mwenzako, mapaja yako yanakuvuta chini. Hewa yako yote iko kifuani, ndiyo maana kifua kinapanda na miguu inashuka.

Basi iache ishuke. Si lazima ulale bapa. Ukining'inia mshazari, uso peke yake ukiwa juu, tayari unaelea. Kinachoharibu ni kuinua kichwa uitazame miguu: kikitoka majini, maji hayabebi tena kilo zake nne au tano, na kiuno kinadidimia. Zamisha masikio, tazama mawingu. Nyoosha mikono nyuma ya kichwa, humohumo majini, ukunje magoti kidogo; uzito utasogea upande wa kichwa. Jaza kifua, shikilia kidogo, toa na uvute upesi. Ukitoa hewa utashuka kidogo, ukivuta utapanda.

Ila nashuku shida yako ya kwanza si miguu. Anayekaza mwili mara nyingi hajui atasimamaje. Kwa hiyo anza na hilo, kwenye maji ya kiunoni: ukiwa chali, leta kidevu kifuani, vuta magoti, piga mikono kutoka nyuma kuja mbele, mwili utajikunja kama unakaa, kisha shusha nyayo. Rudia hadi usiwe na haja ya kufikiri. Halafu vuta pumzi, inama kifudifudi, kumbatia magoti, utulie. Mgongo utaibuka wenyewe, na hapo utaamini.

Dumu tupu, ambalo vijana wengi hulikumbatia, silipendi. Linakufundisha kulishika dumu, na likiponyoka kwenye kina umekwisha.

Nenda na mtu anayejua kuogelea, siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, maji yakiwa yamejaa na kutulia. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, mkondo una nguvu, hasa maji yakipwa. Kusi likivuma na kuleta mawimbi, ghuba ya Mikindani imekingwa zaidi. Msimbati iache kwanza, kina hushuka ghafla karibu na ufukwe.

Ukipata bwawa la maji yasiyo na chumvi, utaelea chini zaidi. Usishtuke, ongeza hewa, na uchezeshe viganja taratibu kando ya nyonga.