Muulize Fundi: Lori limekuja mara mbili, choo bado kinakoroma

*Shikamoo mzee fundi. Nyumba yetu iko Muyeye, hapa Malindi. Kiwanja ni futi 50 kwa 100, bati limeinamia uani, na septiki iko nyuma ya jiko. Shimo la kunyonya maji lina futi 18. Kaskazi hatuna shida. Masika ikiingia choo kinakoroma, maji ya bafu hayashuki, na uani tunapita juu ya matofali. Mwezi wa tano tuliita lori la kunyonya mara mbili, siku ya tatu kumejaa tena. Fundi mmoja anataka tuchimbe hadi futi 30. Kuna kisima cha kufulia, ila watoto huchota wakanywa. Tufanyeje?*
*Mama wa wanne, Muyeye*

Marahaba mwanangu. Huyo wa futi 30 mpe chai, mshukuru, aende zake.

Mchanga wenu ukiwa mkavu hunywa maji vizuri mno, ndiyo maana kaskazi mnalala usingizi. Masika maji ya chini hupanda, na walio karibu na pwani bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, huyasukuma zaidi. Shimo lenu wakati huo limekaa ndani ya maji kama ndoo kisimani. Yale yaliyorudi siku ya tatu hayakutoka chooni kwenu, yalitoka ardhini. Mmelipia lori likaushe Muyeye nzima! Na mkifika futi 30, choo mtakuwa mmekimwaga moja kwa moja kwenye maji mnayoteka.

Septiki yenyewe kuikuta imejaa hadi usawa wa bomba la kutokea si ugonjwa. Uchafu mzito hutuama chini, mafuta huelea juu, maji ya katikati ndiyo hutoka. Lori liiteni wakati wa kiangazi, tope likiwa limepanda. Mimi nilijifunza kwa mfuko wangu. Kulikuwa na tangi la plastiki, nyumba ya ufuoni, mwezi wa tano, nikalinyonya likabaki tupu. Asubuhi tulilikuta limeinuka mchangani kama mgongo wa kasa, bomba limekatika. Maji ya chini yalilielesha juu kama ngalawa. Nililipa mwenyewe, na mwenye nyumba mpaka leo akiniona huuliza kasa wangu hajambo.

Sasa anzeni na bati. Paa la mita 10 kwa 12, mvua ya milimita 50, ni lita 6,000, yaani mapipa 30 ya lita 200. Na hayo yote mnayamwaga nyuma ya jiko, juu ya septiki! Fungeni mlizamu, maji ya mvua yaende tangini, yanayozidi yafuate mfereji mpaka mtaro wa barabarani. Mfereji mteremko wake sentimita 1 kwa kila mita yatosha. Msipime kwa jicho, ardhi tambarare hudanganya. Chukueni mpira mwembamba unaoonesha ndani, mtie maji, mmoja ashike ncha huku na mwingine kule; maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja, hapo ndipo mpimie mteremko. Udongo juu ya mfuniko wa septiki uinueni kidogo kama tuta, na mfuniko uzibwe vizuri. Msiyaelekeze maji kwa jirani. Kesi za namna hiyo nimeitwa shahidi zaidi ya harusi.

Mkiona bati limeshughulikiwa na choo bado kinakoroma, basi shimo liacheni, mjenge juujuu. Katika masika, siku ya bamvua, fungeni jiwe kwenye kamba, pimeni kutoka ardhini hadi maji ya kisimani. Mahali maji taka yanapomwagikia pawe juu ya usawa huo wa maji kwa mita 1.5 angalau. Kwenu huenda ikawa ni mifereji mifupi ya kokoto iliyofunikwa kwa tuta la mchanga, na pampu ndogo ya kuyapandisha maji. Ni gharama, sikufichi. Gari lisipite juu yake, na mwarobaini usipandwe karibu, mizizi yake haina adabu.

Kisima: kinatakiwa kiwe mita 30 kutoka shimoni, na kiwanja chenu chote urefu wake ni hizo hizo mita 30. Hata mkilihamisha lenu, lipo la jirani. Kifulieni. Watoto wasinywe, hata maji yakiwa maangavu.

*Fundi, mimi niko Lamu mjini, lori halipiti vichochoroni. Nimeambiwa nimwage asidi ya betri shimoni, uchafu utapungua. Kweli?*

Usithubutu. Itaua vijidudu vinavyokula huo uchafu, kisha itakula saruji ya kuta. Tafuta watu wenye pampu na mpira mrefu. Wakikuambia kijana mmoja atashuka kwa kamba na ndoo, kataa, hata wakipunguza bei. Hewa ya mle ndani humwangusha mtu kabla hajawahi kuita.