Maswali ya Jikoni: Chumvi ya Nitriti na Kuku wa Moshi

Tangu tulipoandika juu ya kufukiza kuku, barua nyingi zimeuliza jambo lilelile: ile chumvi ya rangi ya waridi, yaani chumvi ya nitriti ya kuhifadhia nyama, ni ya nini, na itiwe kiasi gani? Tumechagua sita.

Ndugu Mhariri, nina mapishi mawili ya kuku wa moshi. Moja linataka chumvi ya mezani tu. Jingine linaonya kwamba bila chumvi ya nitriti mtu anaweza kuugua vibaya. Nimfuate nani? (Mwenye Pipa la Moshi)

Wote wawili wanasema kweli, ila hawatumii moto mmoja. Ukifukiza kwa nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi, kuku huiva kwa saa tatu au nne, na nyama yake haikai muda mrefu kati ya nyuzi 4 na 60, pale ambapo bakteria huzaliana kwa kasi. Kwa moto huo chumvi ya kawaida inatosha. Nitriti ukiitia, umeitia kwa ajili ya rangi na ladha: nyama hubaki ya waridi hata ikiiva, na huwa na ladha kama ya soseji ya moshi.

Moshi wa vuguvugu ni habari nyingine. Kuku anayening'inia saa nyingi kwenye nyuzi 40 au 60, mahali penye unyevu na hewa haba, amemwekea Clostridium botulinum mazingira anayoyapenda. Mbegu za bakteria huyu hazifi kwa maji yanayochemka, na sumu yake hupooza misuli hadi ile ya kupumulia. Nitriti huzizuia mbegu hizo zisichipue. Kipimo chetu ni hiki: ikiwa huna hakika kwamba katikati ya kidari na ya paja patavuka nyuzi 60 kabla ya saa nne kwisha, tumia nitriti au ongeza moto. Sisi kwa kawaida tunaongeza moto.

Hata hivyo, nitriti haipiki nyama. Bakteria wa Salmonela na Campylobacter huuawa na joto, kwa hiyo kila kuku, mwenye nitriti na asiye nayo, afike nyuzi 74 ndani. Kuku wa moshi baridi anayeliwa bila kupikwa hatumshauri kwa mtu yeyote.

Mapishi yangu yanapima chumvi hii kwa kijiko na hayataji uzito wa kuku. Wangu ana kilo 1.6. Nitie kiasi gani? (Mpishi wa Nyumbani)

Acha kijiko, chukua mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kabla ya kupima, soma lebo. Chumvi ya nitriti namba 1 ina asilimia 6.25 ya sodiamu nitriti. Iliyobaki ni chumvi ya kawaida. Namba 2 ina nitrati pia na ni ya soseji zinazokaushwa kwa wiki au miezi, kwa hiyo kuku haihitaji. Kuna pia chumvi nyepesi, inayouzwa zaidi Ulaya, yenye nitriti karibu asilimia 0.5. Hiyo hutumika badala ya chumvi yote ya mapishi. Hapa ndipo kosa baya zaidi hutokea: ukichukua hesabu ya chumvi nyepesi na kupima namba 1, nitriti inazidi zaidi ya mara kumi na mbili, na damu ya mlaji inaweza kushindwa kubeba oksijeni.

Sasa hesabu ya namba 1. Pima kuku pamoja na maji, kwa sababu chumvi hugawanyika kati yao mpaka viwe sawa. Kuku wa gramu 1,600 na lita 2 za maji ni gramu 3,600. Namba 1 ni asilimia 0.25 ya jumla hiyo, yaani gramu 9. Chumvi yote tunataka asilimia 2, gramu 72. Lakini ndani ya zile 9 tayari mna chumvi kama gramu 8, kwa hiyo ya mezani tia 64. Sukari, ukipenda, gramu 36. Kwa kipimo hiki nitriti ni kama miligramu 156 kwa kila kilo. Mifupa hainywi sana, hivyo nyama yenyewe hupata zaidi kidogo. Ndiyo maana hatushauri kuongeza hata gramu moja “ya usalama”.

Viungo kama majani ya bay (bay leaf) na pilipili manga vichemshe na sehemu ya maji, chumvi na sukari. Poza mpaka chini ya nyuzi 4, ndipo utie nitriti. Usikamulie limau wala kutia siki: asidi huivunja nitriti haraka ikapotea kama gesi kabla haijaingia kwenye nyama. Tumia chombo cha kioo, chuma kisichoshika kutu au plastiki ya chakula. Sufuria ya alumini hapana. Mkandamize kuku kwa sahani asielee, mweke kwenye friji na mgeuze kila siku. Mzima asiyedungwa akae siku tatu. Ukimdunga kwa sindano maji yaleyale, mililita 160 hivi, kwenye kiungo cha paja na ndani ya kidari, siku mbili zinatosha. Mapaja peke yake saa 24. Bata mzinga wa kilo sita adungwe bila mjadala, kisha akae siku nne au tano.

Nilipokata paja, nje palikuwa pa waridi lakini karibu na mfupa pana doa la kijivu. Ni nini? (Msomaji)

Nitriti haikufika. Ama muda ulikuwa mfupi, ama hukudunga kwenye kiungo, ama kuku alikuwa na barafu ndani ulipomloweka. Kama ulifukiza kwa moto mkali na paja likafika nyuzi 74, kula. Kama ulifukiza kwa vuguvugu kwa saa nyingi, lile doa halikuwa na kinga yoyote. Mtupe kuku mzima, usikate doa peke yake.

Chumvi ya Himalaya nayo ni ya waridi. Inafaa?

Haifai. Rangi yake ni ya madini na haina nitriti. Namba 1 hutiwa rangi makusudi ili isichanganywe na chumvi ya mezani. Iweke kwenye chupa yenye maandishi makubwa, mbali na watoto na mbali na rafu ya viungo.

Ngozi hutoka kama mpira na ladha chungu.

Ngozi ilikuwa bado na maji. Ukimtoa kuku, msuuze upesi, mkaushe kwa taulo za karatasi, kisha mwache juu ya wavu kwenye friji bila kumfunika kwa saa 12 hadi 24, mpaka ngozi ishike vidole kidogo. Ngozi yenye maji hunasa masizi, na huo ndio uchungu. Moshi mweupe mzito wa kuni zisizowaka vizuri huuzidisha. Mpira huo unatokana na moto mdogo. Nusu saa ya mwisho pandisha hadi nyuzi 160 au 170. Usimpeleke juu ya miali mpaka aungue: nyama yenye nitriti ikiungua huzalisha nitrosamini, kemikali zinazohusishwa na saratani.

Maji ya chumvi yaliyobaki niyatumie tena?

Yamwage. Yana damu na bakteria wa kuku mbichi, na nitriti iliyobaki humo huwezi kuipima nyumbani. Kuku mwenyewe akishaiva akae kwenye friji siku tatu au nne, au mgandishe.