Bakteria anayejifunika damu ya ng'ombe

Likoni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Swali lako nimelisoma jana baada ya Alasiri, na usiku nikalirudia. Unauliza: ikiwa damu ya ng'ombe imejaa protini za kumlinda, mbona ng'ombe wetu Zawadi ameugua kiwele mara tatu mwaka huu, kila akidungwa sindano anapata nafuu, kisha maziwa yanarudi na mabonge? Na huko kozini mmeambiwa kwamba bakteria "hushika protini za damu". Unataka kujua huzishika za nini.

Huzishika ili zimtumikie yeye.

Miaka yangu ya maabara tulikuwa na kipimo kimoja nilichokipenda. Unatia plazma ya sungura, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na seli zake, kwenye kichupa, unaongeza bakteria waliooteshwa kutoka kwenye maziwa, unakiweka kwenye joto la nyuzi 37. Baada ya muda wa saa 4 unakiinamisha taratibu. Plazma ikiwa imeganda, basi mtu wa kwanza kumshuku ni Staphylococcus aureus. Nimekiinamisha kichupa hicho sijui mara ngapi kabla sijajiuliza bakteria ana faida gani kugandisha damu.

Faida yake ni hii. Kwenye damu mna protini iitwayo prothrombini, ambayo hukaa imetulia mpaka mwili wenyewe uikate pale penye jeraha. Bakteria huyu haikati. Hutoa protini yake, koagulasi, ikajichomeka ndani ya prothrombini na kuiamsha hivyo hivyo ilivyo nzima. Prothrombini ikishaamka hugeuza fibrinojeni, protini nyingine ya damu, kuwa nyuzi za fibrini, nazo ni nyuzi zile zile ambazo zingeziba kidonda cha Zawadi. Sasa zinamzunguka adui yake. Seli nyeupe zikija kummeza zinakuta boma, na boma lenyewe limejengwa kwa mali ya ng'ombe.

Jambo lililonishangaza zaidi lilitangazwa mwaka 2010. Watafiti walionyesha kwamba aina za bakteria huyu zinazokaa kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi hubeba jeni ya ziada, iliyokuja na kipande cha DNA kinachohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Protini inayotokana na jeni hiyo hugandisha plazma ya wanyama wanaocheua. Yaani amejichongea ufunguo wa kitasa cha ng'ombe.

Na kingamwili je? Kingamwili ina mikono miwili na mkia. Mikono hukamata adui, mkia hubaki nje kuziita seli nyeupe. Bakteria huyu ana protini A juu ya ukuta wake, nayo huudaka mkia. Kingamwili ipo, imemganda, lakini ni kama bango lililobandikwa maandishi yakielekea ukutani.

Si bakteria wote wanaofanya mamoja. Streptococcus uberis, naye wa kiwele, huenda kinyume: huamsha plasminojeni ya ng'ombe, protini nyingine ya damu, ili iyeyushe fibrini. Mannheimia haemolytica, yule wa nimonia, hutafuta chuma; huinasa transferrini inayokibeba, tena ya wanyama wanaocheua. Ya binadamu haimfai.

Sasa Zawadi. Staphylococcus aureus hujichimbia kwenye vijipu na makovu ndani ya kiwele, hata ndani ya seli zenyewe, na huko dawa hufika kwa shida. Ndiyo maana anapoa bila kupona. Limeniuma kusikia amedungwa mara zote tatu bila maziwa yake kupimwa hata mara moja. Usikubali sindano ya nne namna hiyo. Mkamue mwisho, baada ya wenzake, na kila ukimaliza chovya chuchu kwenye dawa. Ikiwa ni huyo ninayemshuku, na robo ile ya kiwele inayougua imeshakuwa ngumu, huenda ikabidi atoke bandani kabla hajawaambukiza wengine. Najua mamako alimlea kwa chupa. Nitazungumza naye mimi.

Lakini kwanza tupime. Safisha chuchu kwa pamba yenye spiriti, mwaga michirizi ya kwanza, kisha kinga maziwa kidogo kwenye chupa iliyochemshwa, uilaze kidogo isiingie vumbi. Iweke kwenye barafu, uvuke nayo feri Jumamosi asubuhi. Nitakungoja upande huu, niipeleke maabara mwenyewe.

Babako