Dodoso la Choi peke yake litakuangusha mkuu

Mkuu umeuliza utumie dodoso lipi kupima uraia wa kidijitali, yaani mtu anavyojiheshimu, anavyojilinda na anavyoshiriki mtandaoni, kwa wanafunzi wa sekondari hapa Mbeya kwa ajili ya utafiti wako wa masters, na naona wadau wengi wamekutajia lile la watafiti Choi na wenzake la 2017, maswali 26. Sio baya, ila lilijaribiwa kwa wanachuo wa Marekani, na mimi nafundisha fomu tuu huku upande wa Uyole, ukilileta kama lilivyo utaumia.

Kuna fungu zima pale la harakati za kisiasa mtandaoni. Mtoto wa sekondari akikutana na swali la hivyo anamwangalia kwanza mwalimu usoni halafu anaruka, we utaandika hana ushiriki kumbe kaogopa tu. Bora hata uanzie kwa dodoso la watafiti Jones na Mitchell wa 2016, wao walipima vijana wa miaka 11 mpaka 17 na wakashika mambo mawili tu, heshima mtandaoni na ushiriki kwenye mambo ya jamii.

Sasa shida kubwa ni hii, wanafunzi wetu wanajua mwalimu anataka kusikia nini. Halafu simu marufuku shuleni, akirudi nyumbani anashika ya mama jioni ikishachajiwa, we unamuuliza "huwa nabadilisha nywila mara kwa mara", nywila ya nani?

Mimi kwenye klabu ya TEHAMA niliwapa dodoso, karibu wote wakatiki kwamba wanahakiki taarifa kabla ya kusambaza. Baadaye nikawagawia karatasi yenye ile meseji ya magrupu, bando la bure, fungua linki kisha tuma kwa watu kumi, kila mtu aandike angefanya nini. Binti mmoja, mzuri tu darasani, kaandika "namtumia kwanza mdogo wangu afungue, ikikubali na mimi nafungua". Aisee nilicheka, lakini jibu kama hilo ndo data, kwenye dodoso huyo huyo katiki nakubali kabisa.

Kwahiyo wape matukio wanayoishi nayo. Mfano steshenari: wanaomaliza fomu siksi wakienda kuomba chuo na mkopo wanafunguliwa akaunti na dada wa pale, na nywila inaandikwa kwenye kauntabuku pale kaunta, jina, namba ya mtihani na nywila mstari mmoja, anayekuja kutoa kopi anasoma yote. Waulize hapo kuna tatizo gani, utaona nani anaona na nani haoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 wanaijua kwa kutishiwa, "utakula miaka", ila ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 wengi niliowauliza hawajawahi kuisikia, na ndo inayogusa hiyo kauntabuku.

Kingine, msimamizi wako atataka jumla moja ya alama na alfa ya Cronbach iliyonona, ile namba inayoonyesha kama maswali ya dodoso yanakwenda pamoja. Alfa mpe, jumla kataa. Nina kijana projekta ikigoma namwita yeye, kompyuta zote za maabara anazijua, na ni huyo huyo aliyetengeneza stika ya mwenzie aliyesinzia prepo ikazunguka magrupu yote mpaka mtoto akagoma kuja shule. Ukijumlisha ujuzi na heshima pamoja, huyo anatoka raia bora wa darasa zima. Weka alama za kila fungu peke yake.

Mengine unayajua, kibali cha halmashauri, ridhaa ya wazazi, majina yasiandikwe, na karatasi asikusanye mwalimu wa darasa, wakimwona tu majibu yanabadilika.

Zile karatasi za matukio ukizitaka njoo PM nikutumie, na ukitaka kuzijaribu kwetu karibu, ila sio wiki ya moko maana maabara inageuka chumba cha mtihani.