Shangazi, mtoto wa paka analia usiku kucha

"Shikamoo Shangazi. Siku 4 zilizopita nilichukua mtoto wa paka kwa dada yangu, ana mwezi mmoja na nusu. Usiku namfungia stoo na kumwekea wali na maziwa ya ng'ombe, lakini analia nyau, nyau hadi alfajiri. Mama mkwe anasema ni uchuro, nikamtupe sokoni. Nampenda. Nifanyeje?" Msomaji, Tanga.

Marahaba, mwanangu. Usimtupe, nakuomba.

Huyo haleti msiba, anamwita mama yake. Paka wakubwa wao kwa wao husemezana zaidi kwa harufu, mkia na masikio. Nyau ni kilio cha mtoto kwa mama, na akikua humlilia binadamu anayemlea. Kule kwa dada yako akihisi baridi au njaa alilia, mama akaja. Kwako analia gizani, haji mtu, basi anapaza sauti.

Kwa kweli alitengwa mapema. Angalau angefikisha wiki 8, na 12 ni bora zaidi. Sasa wewe ndiye mama. Leo mtoe stoo, umtafutie boksi, uliweke kando ya kitanda chako. Kisha nenda kwa dada na khanga kuukuu, umpanguse nayo mama paka mashavuni na mgongoni, uje uitandike ndani ya boksi. Mimi ningeanza na hilo kabla ya yote, maana harufu hiyo anaijua tangu hajafumbua macho. Pembeni weka chupa ya maji ya moto uliyoizungushia taulo, umwachie nafasi ya kusogea akisikia joto.

Maziwa ya ng'ombe acha, huwaharisha paka wengi, na tumbo likimsokota atalia zaidi. Wali mtupu haumtoshi, paka ni mla nyama. Msagie kuku asiye na mifupa au dagaa wa kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu, mara 4 kwa siku, ya mwisho ukikaribia kulala. Chakula cha paka wadogo cha dukani, ukikimudu, ni bora zaidi. Maji yasikosekane.

Akiharisha, akigoma kula siku nzima, au akijikamua bila kutoa mkojo, mwone daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Hata akiwa mzima, apewe dawa ya minyoo.

Mama mkwe usibishane naye. Mweleze kwa adabu kwamba mtoto ana baridi na upweke, umwombe akuvumilie wiki moja. Ukiweza, dagaa wa jioni ampe yeye kwa mkono wake.